Nguo Ikichoka: Mwongozo wa Kuivaa Zaidi, Kuishona Upya na Kuiaga Vizuri

Mwaka 2019 Kenya iliingiza tani zipatazo 185,000 za mitumba. Kituo kikubwa cha biashara hiyo ni Gikomba, Nairobi, ambako belo likikatwa kamba wateja wa mapema hugombania "kamera", yaani vipande bora vya kwanza, na anayefika jioni hupata "fagia". Hata fagia ina mwenyewe. Baada yake hubaki rundo ambalo halina mnunuzi kabisa: jaketi la ngozi bandia linalobanduka, suruali iliyopasuka makalioni, fulana yenye doa la rangi kifuani. Rundo hilo huishia kando ya Mto Nairobi, au dampo la Dandora.

Baadhi ya nguo hizo hazikuwa za kuvalika tangu zilipofungwa Ulaya. Nyingine zilivaliwa miezi michache hapa hapa, zipu ikafa, zikatupwa. Kundi la kwanza ni la kudaiwa kwa wanaofunga mabelo. Kundi la pili limo mikononi mwa mvaaji, na ndilo linalohusu mwongozo huu: jinsi ya kununua nguo itakayodumu, kuitunza, kuitia kiraka, kuipa kazi nyingine na, mwisho kabisa, kuiachia bila kumwachia jirani taabu.

Kwa nini kuivaa kunashinda kuirejeleza

Fulana moja ya pamba hukadiriwa kula lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani. Ni maji ambayo mtu mmoja angeyanywa kwa zaidi ya miaka miwili. Yamekwisha kutumika, na hayarudi kwa kuitia fulana hiyo kwenye pipa maalumu. Kinachoweza kubadilika ni siku ambazo itavaliwa. Shirika la WRAP la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2012 kwamba nguo ikiongezewa miezi 9 ya kuvaliwa, mzigo wake kwa hewa, maji na taka hupungua kwa asilimia 20 hadi 30.

Kugeuza nguo kuukuu kuwa nguo mpya ni kazi ngumu kuliko matangazo yanavyodai. Mwaka 2017 taasisi ya Ellen MacArthur Foundation ilieleza kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya mavazi duniani hurudi kuwa mavazi. Sababu ni za kiufundi. Mashine inapoichana nguo hukata nyuzi zikawa fupi, na uzi uliosokotwa kwa nyuzi fupi ni dhaifu. Pamba iliyochanganywa na poliesta haitenganishwi kirahisi. Zipu, vifungo na bitana hutolewa kwa mkono, kipande kwa kipande.

Si kwamba haiwezekani. Benjamin Law wa Batley, Yorkshire, alianza mwaka 1813 kuchana matambara ya sufu na kuyasokota upya, na kazi hiyo ikalisha mji mzima. Leo Prato nchini Italia huishi kwa sufu iliyochambuliwa rangi kwa rangi, na Panipat nchini India hugeuza sweta na makoti kutoka nchi za baridi kuwa mablanketi. Fulana ya mchanganyiko na leggingi haziangukii kwenye bahati hiyo, na ndizo zinazojaa sokoni.

Serikali nazo zimejaribu njia ya forodha. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, sheria yake inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo na Julai 2018 mavazi yake yakaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mjadala huo una uzito, hasa kwa anayekumbuka enzi za viwanda vya nguo kama Urafiki ya Dar es Salaam, Mwatex ya Mwanza au Kicomi ya Kisumu. Hata hivyo, shati lililomo kabatini leo linangoja uamuzi wa mwenye kabati.

Kwanza, kijue kitambaa

Kila uamuzi unaofuata, wa kufua, kupiga pasi, kutia kiraka au kukata dekio, unategemea aina ya kitambaa. Pamba hunywa maji na hustahimili joto. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli: hainywi maji, huyeyuka kwa pasi kali, na ikitupwa haiozi kama pamba. Soma lebo ya ndani. Ikiwa imekatwa, jaribu hivi:

1. Dondosha tone la maji. Likinywewa upesi, huenda ni pamba au viskosi. Likibaki juu kama ushanga, shuku poliesta. Kitenge kipya chenye wanga kinaweza kukudanganya; kifue kwanza, kisha rudia.
2. Kama bado una shaka, chomoa nyuzi chache kwenye akiba ya mshono wa ndani.
3. Zishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani ya bati, ndoo ya maji ikiwa karibu, kisha ziguse kwa moto wa kiberiti.
4. Tazama na unuse. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu na hariri hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, na mkaa wake husagika kati ya vidole. Poliesta husinyaa, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha donge gumu lisilosagika. Majivu yenye chembe ngumu ndani yake ni ya mchanganyiko.

Tahadhari: tone la poliesta iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya. Fanya jaribio hili nje, watoto wakiwa mbali, na kamwe usilifanye kwenye nguo nzima.

Sokoni: dakika tano kabla ya kutoa pesa

Kosa la kawaida ni kununua kwa macho. Mtu huona rangi na jina la kampuni, hulipa, na nyumbani hugundua kwamba makalio ya suruali yamebaki wavu. Iwe ni Gikomba, Karume ya Dar es Salaam au meza ya kando ya barabara, pitia orodha hii. Muuzaji mzoefu hatakasirika, kwani naye hukagua belo lake hivyo hivyo.

Kisanduku cha ukaguzi
☐ Inua nguo kwenye mwanga wa jua. Makalio, mapaja ya ndani, viwiko na makwapa huonyesha wembamba kabla ya kutoboka.
☐ Vuta mshono pande mbili kwa upole. Ukiona nafasi kati ya nyuzi, mshono umechoka. Huo hurekebishika, kitambaa kilichochoka hakirekebishiki.
☐ Geuza kwapa. Njano ya jasho na dawa ya kwapa iliyokaa muda mrefu ni nadra kutoka yote.
☐ Panda na kushuka na zipu mara kadhaa.
☐ Vuta lastiki kisha uiachie. Ikilia kama karatasi kavu au isiporudi, imekufa. Kama imeshonewa ndani ya mfereji wake, kuibadilisha ni kazi ndogo.
☐ Ngozi bandia: ikunje. Ikianza kupasuka au kubanduka, iache, hata ikiuzwa bei ya kutupa. Hakuna fundi atakayeirudisha.
☐ Chungulia ndani ya pindo. Akiba ya kitambaa humaanisha nguo inaweza kurefushwa au kuongezwa kiuno.
☐ Nusa. Harufu ya dawa ya kuhifadhia huisha kwa kufua. Harufu ya ukungu huenda isiishe.

Nguo za ndani za mitumba ziache. Tanzania, kupitia Shirika la Viwango (TBS), imezipiga marufuku kwa ajili ya afya. Nyingine zote zifue kabla ya kuvaa hata mara moja.

Anayenunua kitambaa kipya naye ana la kumwambia fundi kabla mkasi haujagusa kitenge: aache akiba ya sentimita 2 au 3 kwenye mishono ya ubavuni na pindo pana chini. Mafundi wengi hukata akiba hiyo ili mshono uwe safi. Mwili hunenepa na kukonda, na mtoto hurefuka. Sare ya shule yenye pindo la sentimita 8 inaweza kuvaliwa mwaka mwingine mzima kwa kufumua na kushusha tu.

Kufua na kuanika

Nguo nyingi hazifi mwilini. Zinafia kwenye beseni. Dawa ya kung'arisha ikimwagwa moja kwa moja hula pamba, na huharibu kabisa sufu, hariri na lastiki. Kusugua kola kwa brashi ngumu hung'oa nyuzi. Tenga rangi, geuza nguo nje-ndani, tumia maji baridi kwa nguo zenye lastiki, na loweka sehemu chafu badala ya kuisugua. Jinsi ilivyochafuka ndiyo ikuongoze: suruali ya jinzi iliyovaliwa siku moja ofisini haihitaji beseni, inahitaji hewa.

Katika kuanika kuna mvutano wa kweli. Jua kali huua vijidudu lakini hupausha rangi. Kivuli hutunza rangi lakini kina hatari yake. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa juu ya nyasi na mchanga, na buu lake huingia kwenye ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Basi anika kwenye kamba, kamwe si chini. Geuza upande wa ndani uelekee jua. Ukilazimika kuanika kivulini, nguo ikauke kabisa kisha ipigwe pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono na mikanda ya kiunoni. Nepi na shuka za mtoto mchanga zisikose pasi hata siku moja.

Sindano: kazi tatu zinazolipa

*Kiraka kisichobanduka*

Viraka vingi hubanduka kwa sababu vilishonwa juu ya tundu peke yake. Pembeni mwa tundu kitambaa nacho kimechoka, kwa hiyo kiraka kinashikilia kitu kisicho na nguvu, na wiki ya pili kinang'oka na kuondoka na pembe zake.

1. Fua nguo, na fua kitambaa cha kiraka pia. Pamba mpya hurudi ikilowa. Ikirudi baada ya kushonwa, itakunja nguo.
2. Chagua kiraka chenye uzito unaolingana na nguo, au chepesi kidogo. Jinzi nzito juu ya shati jepesi hulichana shati.
3. Kata kiraka kizidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, hadi kifike penye kitambaa kizima. Viringisha pembe, kwani pembe kali ndiyo huinuka kwanza.
4. Kiweke kwa ndani, nyuzi zake za wima zikielekea sawa na za nguo.
5. Kishike kwa mshono wa muda, kisha shona ukingo wake wote.
6. Geuza upande wa nje. Punguza nyuzi zinazoning'inia bila kulipanua tundu, kisha pitisha mistari ya mshono mdogo mdogo, karibu karibu, juu ya eneo lote la kiraka.
7. Toa mshono wa muda, piga pasi.

Hatua ya 6 ndiyo wengi huiruka. Wajapani wameifanya sanaa yenye jina, sashiko, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha bluu, na nguo za wakulima zilizotiwa viraka hivyo leo zinatunzwa kwenye majumba ya makumbusho. Anayeona haya ya kiraka anaweza kuchagua uzi wa rangi ya nguo. Anayetaka kionekane, achague wa rangi inayopishana.

*Kola iliyokwanguka*

Shati la ofisini huchakaa shingoni wakati mwili wake bado ni mzima. Kola ina pande mbili, na upande wa chini haujaguswa. Weka alama katikati ya kola na katikati ya ukanda wake, fumua mshono unaoviunganisha, geuza kola juu chini, linganisha alama, shona tena. Kwa fundi ni kazi ya muda mfupi. Kwanza hakikisha kola haina matundu ya vifungo kwenye ncha zake.

*Shuka iliyochakaa katikati*

Shuka huisha pale mwili unapolala. Kingo zake hubaki mpya. Ikate kwa urefu katikati, unganisha kingo mbili za nje ziwe katikati mpya, kunga pindo pande zilizochakaa. Mshono wa katikati uwe bapa usimsumbue mlalaji. Kazi hii inataka shuka ambayo haijatoboka bado, kwa hiyo usisubiri.

Ukienda kwa fundi cherehani

Mafundi wa barazani wamerejeleza nguo tangu kabla neno hilo halijaingia kwenye semina, na wengi hulipwa kidogo mno kwa ujuzi wao. Peleka nguo ikiwa safi. Onyesha kasoro kwa pini au chaki badala ya kueleza kwa mdomo. Ivae mbele yake ikiwa ni ya kupunguza. Kubalianeni bei na siku kabla hujaiacha. Mwombe asikate kitambaa kinachozidi, bali akikunje ndani, ukinenepa utamshukuru.

Uliza pia kuhusu mabaki. Chini ya cherehani kila siku hukusanyika vipande vya kitenge ambavyo vingi hufagiliwa na kutupwa. Katika miji kadhaa biashara zimezaliwa hapo. Suave ya Nairobi ilianza kwa kushona mikoba kutokana na mabaki ya nguo za Gikomba. Kampala, mbunifu Bobby Kolade kupitia Buzigahill hufumua mitumba, huunganisha vipande kuwa mavazi mapya na kuyauza kwenye nchi zilikotoka. Mradi wake, ulioanza kuuzwa mwaka 2022, unaitwa Return to Sender. Si lazima kufika mbali hivyo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kikapu cha sokoni kilichoshonwa kwa vipande vya kitenge kina wateja mtaani.

Kazi ya pili, ya tatu na ya nne

Kuhusu kuipa nguo kazi nyingine, pwani ina somo lake tangu zamani, na halikuhitaji mradi. Doti ya kanga huanza kwenye harusi na msiba. Ikipauka huwa ya kushindia jikoni. Ikilainika zaidi huwa mbeleko, kwa kuwa pamba laini haimkwaruzi mtoto. Kisha hukatwa nepi, kisha kata ya kutwishia ndoo kichwani, na mwishoni dekio. Kila hatua inahitaji kitambaa dhaifu kidogo kuliko kilichotangulia, na hapo ndipo ilipo akili yake: kazi inashuka sawa na nguvu ya kitambaa.

Kwa nguo nyingine, fuata mpangilio huo huo:

1. Inavalika bado: mpe mtu unayemjua ataivaa. Ifue, rudishia vifungo. Kupeleka magunia ya nguo chafu kwenye kituo cha watoto ni kuwahamishia walezi kazi ya kuchambua taka.
2. Haivaliki, ila pamba yake ni nzima: kata foronya, aproni, mfuko, vitambaa vya vyombo. Flaneli na taulo kuukuu hufaa pia kwa taulo za kike za kufua, mradi kitambaa kiwe pamba safi, kifuliwe vizuri na kukaushwa juani hadi kikauke kabisa.
3. Pamba imechoka: kata vitambaa vya kufutia. Gereji na karakana huvihitaji, kwa kuwa vinanyonya grisi. Poliesta haifai sana kwa kazi hii.
4. Poliesta na michanganyiko: katakata vipande vidogo, jaza mito ya sakafuni. Toa vyuma vyote kwanza, na vipande viwe vikavu kabisa, la sivyo mto utaota ukungu.

Kabla ya kukata chochote, vuna: vifungo, zipu nzima, vishikizo, lastiki ambayo bado inarudi. Vifungo vya shati moja vifunge kwa uzi mmoja ndani ya kopo, visichanganyike.

Makosa matatu yenye gharama kubwa

*Kuchoma nguo uani.* Poliesta ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na zile picha za plastiki vifuani zinaweza kutoa gesi yenye asidi inayoumiza mapafu. Usiwashie jiko kwa matambara ya aina hiyo.

*Kutupa chooni.* Matambara kwenye choo cha shimo huziba mipira ya magari ya kunyonya majitaka. Shimo likijaa, wafanyakazi hulazimika kuyavua kwa ndoano, kwa hatari kubwa kwa afya zao, au choo kinaachwa na kingine kuchimbwa. Kwenye makazi yaliyobanana ya Dar es Salaam au Nairobi, nafasi ya kuchimba kingine mara nyingi haipo.

*Kutupa mtaroni.* Kitambaa hakisogei kama karatasi. Hunasa, hukusanya matope na plastiki, na kuwa kizibo. Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanajua mvua za masika hufanya nini mkondo ukiwa umeziba.

Kilichobaki kabisa

Baada ya yote haya bado kutakuwa na mfuko mdogo: soksi zisizo na mwenza, leggingi zilizolegea, vipande visivyojaza mto. Usivichanganye na maganda ya jikoni, kwani nguo ikilowa mchuzi haimfai mchambuaji yeyote. Viweke kwenye gunia kavu hadi lijae.

Nairobi, Africa Collect Textiles hukusanya nguo na viatu vilivyochoka, huchambua, na sehemu ya mzigo hugeuzwa mazulia, mikoba na bidhaa nyingine. Kwingineko, tafuta kikundi cha ushonaji, karakana ya magodoro au fundi wa makochi anayejazia viti. Popote unapopeleka, uliza mambo manne kabla ya kuacha gunia:

1. Mnapokea aina gani, na gani hamtaki?
2. Je, zifuliwe kwanza? Vyuma vitolewe?
3. Zinazovalika zinakwenda wapi: kuuzwa, kugawiwa au kukatwa?
4. Zisizofaa kabisa mnazifanyaje?

Swali la nne ndilo la kusikiliza kwa makini. Mkusanyaji anayeijua kazi yake atataja dampo rasmi au mnunuzi wa mabaki bila kusitasita. Akijibu kwamba huchoma nyuma ya jengo, rudi na gunia lako, litenge upya kwa mpangilio ulio hapo juu, na upeleke kwingine kile tu ambacho mito na madekio ya nyumbani hayakukimaliza.